Mtu wa Kuulizwa

Siku Yonasi anazikwa, mkewe Ketrina aliacha kulia ghafla. Wanawake waliokaa naye kwenye mkeka wakadhani pumzi imemkata. Mmoja akammwagia maji usoni, mwingine akamlegezea kanga kiunoni, wa tatu akaanza kukemea pepo kwa sauti kubwa. Masikini, hawakujua. Mjane yule alikuwa mzima kabisa, macho makavu, anasikia kila neno. Kifo cha mumewe alikuwa amekililia siku mbili bila kupumzika, na angekililia hata mwezi mzima. Kilichomnyamazisha ni rambirambi za bosi wake.

Sasa ili mtu aelewe ilikuwaje rambirambi zikamkausha mjane machozi, itabidi turudi nyuma miaka kumi na minne.

Ketrina alizaliwa Nanyala, kwa wakulima wa kahawa, akamaliza kidato cha nne akiwa na cheti ambacho si cha kujivunia wala si cha kuficha. Akaja Tunduma kwa shangazi yake aliyekuwa akiuza mchele wa Kamsamba. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, mji ukawa unafumuka kama unga uliotiwa hamira. Kila mwenye meza na muhuri alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani. Wengi walikuwa matapeli, tuseme kweli. Mzee Samwel hakuwa tapeli. Alikuwa Mnyiha wa Mbozi, mzee wa kanisa, mtu wa suti moja ya kijivu na adabu nyingi, na kampuni yake ilikuwa na jina zuri pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1997 akamwajiri Ketrina kupiga chapa na kuchemsha chai.

Chai aliichemsha. Ila kulikuwa na boksi moja chini ya meza ya mapokezi, boksi la makaratasi yaliyokataliwa. Kila nyaraka iliyorudishwa na forodha ikiwa na alama nyekundu, vijana wa ofisi waliitupa humo wakitukana, kisha wakaanza upya. Ketrina alilivuta lile boksi kila mchana wenzake wakienda kula, akasoma. Hapa uzito haulingani. Hapa namba ya chesesi imerukwa tarakimu. Hapa mzigo unaopita kwenda Zambia umeandikwa kama mzigo unaobaki nchini. Baada ya miaka miwili alikuwa anajua sababu za karatasi kukataliwa kuliko waliokuwa wanazikataa, na kazi ya chai akaachiwa Restuta, dada mwenye maneno mengi na moyo mweupe aliyeajiriwa kufanya usafi.

Siku moja lori la shaba kutoka Zambia lilikuwa tayari kuvuka. Karatasi zimekamilika, dereva kashawasha injini. Ketrina akatoka ofisini na kandambili zake, akazunguka nyuma ya tela, akainama kutazama lakiri, kile kifungo cha forodha chenye namba, akarudi mbio. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimepinduliwa kwenye karatasi. Kosa la namna hiyo lingelilaza lori lile wiki nzima na dereva wake angelala chini yake. Tangu siku hiyo madereva wa ng'ambo wakishuka tu walikuwa wanauliza mlangoni, "Bamayo Ketrina bali kwi?" Yaani mama Ketrina yuko wapi. Hawakutaka kuhudumiwa na mwingine.

Ndiyo maana mwaka 2004, mkuu wa kituo alipostaafu, hakuna aliyeumiza kichwa. Mkuu wa kituo ndiye anayetia saini kwa niaba ya kampuni mbele ya forodha, na ndiye anayekaa chumba chenye dirisha la kutazama barabara. Kazi nyingine zote za kituo kile Ketrina alikuwa anazifanya tayari. Alikuwa anaandika, anakagua, kisha anaweka kialama kidogo cha penseli mahali mwanaume wa kutia saini atakapoweka kalamu yake. Alikitaka kile cheo, na alisema wazi kuwa anakitaka. Hata fundi wa kumshonea sketi mpya alikuwa kashampata.

Mzee Samwel akamtangaza Lusubilo.

Lusubilo alikuwa kijana mwema, na ndiye aliyeona haya kuliko wote, maana alifundishwa kazi na Ketrina kuanzia namna ya kukunja manifesti, ile orodha ya mzigo. "Dada, mimi sikuomba," alimwambia. Ketrina akampongeza. Akaenda chooni, akafunga mlango, akauma kanga asisikike.

Nyumbani alimkuta mumewe. Hapa lazima nimweleze Yonasi vizuri, kwa sababu bila hivyo mtu atamdhania ni mnyama. Alikuwa fundi wa matairi, na banda lake lilikuwa kando ya barabara kuu, maeneo ya Chapwa, ambako malori hupanga foleni. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mpira hata siku ya Jumapili. Hakuwa mlevi, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, na mtoto wao mmoja, Blessing, alimbeba mabegani mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga tumboni. Siku ile ya Lusubilo alimwona mkewe anaingia na uso umevimba, akampokea mkoba.

"Hao hawana macho, Mama Blessing," alisema. "Usijiumize. Wanaume wa ofisi ndivyo walivyo, wakiona mwanamke ana akili wanaogopa."

Akaosha vyombo mwenyewe, majirani wakacheka. Na kwa kumpoza mkewe akachinja kuku aliyesema amemnunua njiani. Ketrina alimkaanga yule kuku, akamuunga na karanga, akala huku anajisemea kwamba kazi inaweza kumnyima mtu, lakini mume kama huyu si kila mwanamke anaye.

Mwaka 2008 Lusubilo akaondoka kuanzisha kampuni yake. Kiti kikawa wazi tena. Ketrina akatumaini tena, safari hii kimyakimya, sketi hakushona. Mzee Samwel akaleta kijana kutoka Mbeya mjini, mwenye diploma na viatu vya kuchongoka, ambaye wiki ya kwanza aliuliza kama Kongo nako ni Zambia. Ketrina akamfundisha. Yonasi akasikitika sana, akamshika mkewe bega, akasema hao watu hawana macho kabisa. Na kuku akapatikana tena.

Kijana wa viatu vya kuchongoka alikaa miaka mitatu. Mwezi Mei 2011 akaaga asubuhi, mchana hayupo, amepata kazi Dar es Salaam. Kwa mara ya tatu kiti kikawa wazi, na safari hii hata mlinzi wa geti alimwambia Ketrina hakuna mwingine. Alipomweleza mumewe, Yonasi akasema ana tairi la kumalizia.

Wiki mbili baadaye, mwanzoni mwa Juni, Yonasi alikuwa anajaza upepo tairi la lori la mbolea. Ringi ya chuma ikafyatuka. Ilimpata kifuani, na walipomfikisha zahanati alikuwa tayari amekwenda. Miaka arobaini na mmoja.

Basi tumefika pale kaburini. Baridi ya Juni, vumbi, watu wengi, maana fundi yule alikuwa na marafiki. Jeneza liko juu ya viti viwili, mjane kwenye mkeka na kanga kichwani. Waliokuwa na salamu za rambirambi wakaitwa mmoja mmoja, jirani, mwenyekiti wa mtaa, kwaya. Kisha akaitwa mwajiri wa mke wa marehemu. Mzee Samwel akasimama na suti yake ya kijivu, akavua kofia.

"Ndugu waombolezaji," alisema, "marehemu Yonasi mimi nilimfahamu kwa jambo moja, na jambo hilo nataka vijana walisikie. Mara mbili nilikwenda kwake bandani, kwa heshima, mkononi nina kuku na sukari, kumwomba ruhusa ili huyu mke wake awe mkuu wa kituo changu. Mwaka elfu mbili na nne aliniambia, mzee, mke wangu akikalia kiti hicho, mimi nyumbani kwangu nitakuwa nani? Nikarudi mwaka elfu mbili na nane. Akaniambia, mzee, jibu langu ni lile lile, na kuku nimepokea kwa heshima yako. Hakunizungusha. Juzi tu nilikuwa nimejiandaa kumfuata mara ya tatu, Mungu akaniwahi. Ndugu zangu, wanaume wenye msimamo katika nyumba zao siku hizi ni wa kutafuta. Tumepoteza mtu."

"Kweli kabisa!" wakaitikia wanaume.

"Huyo ndiye mwanaume," akasema mmoja nyuma.

Hapo ndipo Ketrina alipoacha kulia.

Kwanza hakuelewa. Maneno alikuwa ameyasikia, ila yalikataa kukaa mahali pamoja. Kuomba ruhusa. Mara mbili. Kisha yakakaa, yote kwa mkupuo, akahisi kama ardhi ya ule mkeka imeondolewa chini yake. Kuku! Alikuwa amekula kuku aliyeletwa kumwombea kazi, akiwa ameshanyimwa ile kazi na mtu aliyekaa naye mezani akimchagulia paja. Na akamshukuru! Alimwita mume mwema mbele za Mungu kwa ajili ya kuku yule. Akalitazama jeneza. Alitaka kuinuka, apige kifuniko kwa kiganja, aseme amka kidogo, Baba Blessing, amka unijibu neno moja, halafu utaendelea kufa. Akakamata ukingo wa mkeka. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka. Ndipo wakammwagia maji.

Watu walizika, wakasema yule mama alimpenda mumewe mno.

Jioni yake Restuta ndiye aliyebaki kumkorogea mjane uji. Ketrina akamuuliza bila kugeuka kama alikuwa anajua. Mwiko wa Restuta ukasimama.

"Kujua nini, mama?"

"Kwamba mzee alikuwa anakuja kumuuliza Yonasi."

"Wote tulijua," alisema Restuta. "Mimi ndiye niliyetumwa sokoni kununua wale kuku. Tulidhani mmekubaliana nyumbani. Tulikuwa tunakusifu, Mama Blessing. Tulikuwa tunasema, mwanamke msomi vile lakini anamsikiliza mumewe."

Ketrina alikaa chini sakafuni. Miaka saba! Ofisi nzima, mlinzi, madereva, wauza chipsi wa getini, wote walikuwa wanajua habari za maisha yake isipokuwa yeye. Na alipokuwa akitembea kichwa chini kwa fedheha ya kunyimwa, wao waliona unyenyekevu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma, na mtu wa kumtolea alikuwa kashafukiwa saa nane mchana.

Baada ya wiki tatu akarudi kazini na nguo nyeusi. Mzee Samwel akamwita chumbani mwake, akamwagizia soda, akamuuliza hali ya mtoto. Ukutani nyuma ya kichwa chake kulikuwa na bango la sheria ya kazi, lile linalosema ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia. Ketrina ndiye aliyelibandika, kwa gundi, mwaka lilipoletwa.

"Ile nafasi bado iko wazi, mama," alisema mzee.

"Mzee, naomba nikuulize. Miaka yote ile, kwa nini hukuniuliza mimi?"

Mzee Samwel alishtuka kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesingiziwa wizi.

"Nikuulize wewe, halafu ukubali, halafu mwenye nyumba akatae? Si ningekuwa nimekugombanisha na mumeo? Mimi si mtu wa kuvunja ndoa za watu, Mama Blessing. Wapo mabosi wanaomwita mke wa mtu pembeni na kumpa cheo, na wewe unajua wanachotaka. Mimi nilipita mlango wa mbele. Kila mara."

"Na sasa hivi? Mume hayupo."

"Sasa nasubiri ukoo ukae," alisema kwa upole. "Wakishamtaja wa kuisimamia ile nyumba, nitakwenda kwake na mkono wa heshima, kama kawaida. Nadhani watamtaja Wilbard. Nimemweka kijana kaimu, usiwe na wasiwasi, nakusubiri wewe."

Ketrina akaiweka soda mezani. Wilbard alikuwa mdogo wake Yonasi. Tangu harusi alikuwa amefika nyumbani kwao mara nne, na zote alikuja kuazima kitu. Huyo ndiye atakayeletewa kuku! Alimtazama bosi wake akitafuta dhihaka usoni, hata chembe ya ubaya ambayo angeweza kuichukia, akakosa. Mzee alikuwa anamtakia mema kwa moyo wake wote. Ketrina alimwogopa kuliko ambavyo angemwogopa mtu mbaya.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu Lusubilo, mwanafunzi wake, ambaye sasa alikuwa na kampuni na malori mawili. Alimwambia anatafuta kazi. Lusubilo alifurahi mpaka akapiga kelele, njoo dada, njoo, utanipangia nyaraka zote. Kisha akateremsha sauti.

"Ila shemeji Wilbard anasemaje? Nisije nikaonekana nimekurubuni msibani."

Ketrina akakata simu. Akabaki ameishika mkononi kama kitu cha mtu mwingine.

Alifikiri siku nyingi. Angeweza kwenda kushtaki, na yapo maofisi ya mambo hayo Mbeya. Angesema nini? Kwamba alinyimwa na bosi? Bosi atasema nilitaka kumpa, mumewe akakataa, muulizeni. Na aliyekataa hayuko wa kuulizwa. Angeweza kuacha kazi, lakini Blessing alikuwa darasa la sita. Halafu, na hili hakuona haya kulisema, alikitaka kiti. Alikuwa amekifanyia kazi tangu akiwa na miaka ishirini. Akikiacha, atakuwa amewapa wote wawili walichotaka, aliyekufa na aliye hai.

Ukoo ulikaa Jumamosi moja ya Julai nyumbani kwa baba mkwe. Wanaume wapatao kumi kwenye viti, wanawake ukutani. Kikao cha aina hiyo huteua mtu wa kusimamia mali ya marehemu, jina lake likaandikwa kwenye muhtasari, muhtasari ukapelekwa mahakama ya mwanzo. Wilbard alikuwa amekwisha kupita bandani asubuhi, akapima kwa hatua.

"Nadhani hakuna haja ya kurefusha," alisema mwenyekiti wa ukoo. "Wilbard atasimamia."

"Naomba kusema," alisema Ketrina.

Vichwa vikageuka. Mjane husema kwenye vikao hivyo akiulizwa, na swali lake huwa ni moja tu, ana watoto wangapi. Baba mkwe alikohoa, akamruhusu.

"Shemeji," Ketrina alimwambia Wilbard, "kompresa chukua. Jeki zote mbili chukua, na spana. Na banda la barabarani, na kiwanja chake, chukua. Sitagombana na wewe hata siku moja. Mimi naomba jina langu liandikwe hapo kwenye msimamizi. Nyumba tunayolala ibaki na mimi na mtoto."

Wilbard alimtazama, akawatazama wazee, akawa anatafuta mtego uko wapi. Banda lile lilikuwa ndiyo mali. Mtu mwenye banda kwenye foleni ya malori haogopi njaa.

"Jina tu?" aliuliza.

"Jina tu."

Wilbard akacheka mpaka akajipiga goti. "Shemeji, chukua jina! Kaka yangu alioa msomi kweli kweli."

Ukoo mzima ukacheka naye, karani akaandika. Blessing, aliyekuwa amekaa mlangoni, hakucheka. Njiani kurudi alimuuliza mama yake kwa nini amempa baba mdogo vitu vya baba. Ketrina alisema kuna kitu amekinunua. Mtoto akauliza kitu gani, mama akashindwa kumweleza, kwa sababu kila alipokitamka kichwani kilisikika kama wazimu. Kampuni ingemuuliza msimamizi. Basi msimamizi atakuwa yeye.

Tangazo la mahakama likakaa ubaoni siku zake, hakuna aliyepinga, na mwezi wa kumi Ketrina akapewa karatasi yenye muhuri. Aliisoma barabarani mara tatu kutafuta tarakimu iliyopinduliwa. Haikuwepo.

Akaenda nayo ofisini. Mzee Samwel alikuwa chumbani, na Restuta alikuwa anapanga vikombe.

"Mzee," alisema Ketrina, "ulisema unamsubiri msimamizi."

"Ndiyo, mama! Ukoo umechukua muda. Wamemtaja?"

Akaiweka karatasi mezani. Mzee akavaa miwani, akasoma. Akaigeuza upande wa pili, kuona kama kuna jina jingine nyuma. Akairudisha.

"Hapa wameandika jina lako."

"Ndiyo, mzee."

"Na Wilbard?"

"Hayumo."

"Baba mkwe?"

"Hayumo. Ni mimi peke yangu. Muhuri wa mahakama huo hapo."

Mzee Samwel alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ketrina aliona kijasho kikimtoka juu ya mdomo. Maskini mzee alikuwa amefika mahali ambapo adabu yake haikuwahi kufika, na hakuna aliyemwonyesha njia. Alitazama dirishani. Malori yalikuwa yamejipanga kimya. Restuta alisimama na kikombe kimoja mkononi, hakukiweka wala hakukipeleka.

"Sasa nitamuuliza nani?" alisema mzee hatimaye. Hakuwa anamfanyia inda. Alikuwa anaomba msaada.

"Muulize msimamizi," alisema Ketrina.

Alidhani mzee atacheka. Alidhani watacheka wote, kisha yataisha, atampa funguo. Mzee Samwel hakucheka. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akainuka, akafunga vifungo vya koti lake la kijivu, vyote vitatu. Akatoka nyuma ya meza na kusimama mbele ya Ketrina, mikono miwili mbele, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyosimama mara mbili kwenye banda la matairi.

"Ndugu msimamizi," alisema, "nimekuja mbele yako kwa heshima. Kuku sikupata kujiandaa, utanisamehe. Ninaye mfanyakazi wangu, anaitwa Ketrina, ni mama wa nyumba yako. Nimemwona ana bidii na hana makuu. Naomba ruhusa yako awe mkuu wa kituo changu. Unasemaje?"

Ketrina alimtazama machoni. Mzee alikuwa anasubiri jibu, na lingeweza kuwa lolote kati ya mawili, na lolote angelipokea. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amejiandaa kujibu swali hili, usiku na mchana, kwa maneno mazuri ya kila namna. Yote yalianza na neno mimi. Hakuna hata moja lililofaa, maana huyo mimi hakuwa ameulizwa kitu.

"Namruhusu," alisema. Sauti ilitoka nzito, wala hakuitambua.

Kikombe kikamponyoka Restuta, kikavunjika. Hakuna aliyegeuka.

Mzee Samwel alimpa mkono, akautikisa kwa shukrani ya kweli, uso wote umefunguka.

"Ahsante sana, ndugu yangu. Ahsante sana. Basi mwambie aje aanze Jumatatu."

Ketrina alisema atamwambia.